Niliacha gari limelala, nimerudi nimekuta faini

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Coventry, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mwezi wa kumi mwaka jana mama yangu alianguka bafuni kule Tanga akavunjika nyonga. Mimi ndiye binti yake pekee, kwa hiyo nikaomba likizo bila malipo nikaenda kumuuguza. Nimekaa miezi mitano.

Nina Yaris kuukuu. Nililiacha pale linapolala siku zote, kando ya barabara mbele ya nyumba tunayopanga, maana hatuna uwanja wala banda la gari. Mume wangu haendeshi. Nikajiambia, gari halitembei, kwa nini lile hela? Siku mbili kabla ya safari nilipiga simu kwenye kampuni ya bima nikaifuta. Na siku ya kuondoka, nikiwa kwenye foleni ya mizigo, nikafungua programu ya benki kwenye simu nikakata na yale makato ya kila mwezi ya kodi ya gari. Nikapanda ndege roho nyeupe.

Nimerudi juma lililopita. Juu ya friji nimekuta bahasha tatu. Mume wangu alizipanga vizuri, hakuzifungua kwa sababu zina jina langu. Ya kwanza inasema gari langu halionekani kuwa na bima. Ya pili ni faini ya pauni 100 kwa kutokuwa na bima. Ya tatu ni faini ya pauni 80 kwa kutolipa kodi. Mjomba, gari lenyewe limejaa majani makavu, tairi moja limekaa chini, na betri imekufa! Halikusogea hata hatua moja. MOT yake, kile cheti cha ukaguzi wa gari wa kila mwaka, nayo iliisha mwezi wa kwanza.

Sasa kila mtu ana lake. Mume wangu anasema nisilipe kitu, niwaandikie kwamba gari halikuwa barabarani kwa kuwa halikutembea. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana nyumba yenye uani mkubwa umbali wa dakika kumi kutoka kwetu. Yeye anasema tusubiri usiku, aliwashe kwa kuunganisha betri na gari lake, alipeleke kwake likae. Anadai bima yake kubwa inamruhusu kuendesha gari lolote. Mwenzangu kazini anataka nimuuzie hivi hivi, karatasi tutafanya baadaye.

Mimi gari bado nalihitaji. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na sasa napanda mabasi mawili. Ila tarehe 3 Julai nasafiri tena, mama anafanyiwa upasuaji wa pili, na safari hii nitakaa hadi karibu na mwisho wa Novemba. Nimepata leseni mwaka mmoja na nusu uliopita na sitaki kuichezea. Nifanye nini na gari ninapokuwa sipo? Na hizi faini je?

Binti wa Tanga, Coventry

*

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa kuuguza. Mama mpe salamu zangu.

Nianze na mumeo, kwa sababu hoja yake nimeisikia kwa watu wengi, tena wenye akili zao. Anasema gari halikuwa barabarani kwa kuwa halikutembea. Kwa Kiswahili chetu ana haki: gari liko barabarani likiwa linakwenda, likisimama limepaki. Sheria ya hapa Uingereza haisemi hivyo. Inashika mambo mawili, kulitumia gari na kuliweka barabarani. Yaris yako ilikuwa kando ya barabara ya umma miezi mitano. Majani yalikuwa juu yake na tairi limelala, lakini ilikuwa imewekwa barabarani.

Nadhani pia umekuja na mazoea ya nyumbani. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyokuwa tukiiita rodi laisensi, mwaka 2017, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Tangu hapo gari lililolala halichangii kitu, maana halinywi. Na bima nyumbani tumezoea kwamba inaulizwa na trafiki akikusimamisha. Gari likikaa uani nani atakusimamisha? Hapa mambo yamegeuzwa. Wanaokufuatilia hawasimami barabarani, na hawahitaji kuliona gari. DVLA, ofisi ya magari na leseni iliyoko Swansea, ina orodha ya kila gari na mwenye dhamana nalo. Kampuni za bima nazo zina kanzidata moja ya pamoja ya magari yote yenye bima. Tangu Juni 2011 orodha hizo mbili zinalinganishwa. Gari likionekana kwenye ya kwanza na halionekani kwenye ya pili, barua inatoka. Hakuna askari aliyepita mtaani kwenu, ni kompyuta mbili zimesomeana majina.

Kwa hiyo gari lina hali mbili tu zinazokubalika. Ama limelipiwa kodi na lina bima, ama mwenyewe umetamka rasmi DVLA kwamba umelitoa barabarani. Tamko hilo ndilo watu wanaloliita SORN. Lilianza mwaka 1998, halilipiwi hata senti, na tangu Desemba 2013 huhitaji kulirudia kila mwaka, linakaa hadi ulipie tena kodi, uuze gari au ulipeleke skrepa. Wewe ulifuta bima, ukakata makato benki, ukanyamaza. Benki haikumwambia mtu yeyote kwamba gari limepumzishwa. Iliacha kulipa, basi. Kwa DVLA ulionekana mdaiwa aliyekimbia.

Na hata kama siku ile pale kwenye foleni ya mizigo ungelijua neno SORN, lisingekufaa. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, kwa kuwa wengi wanaanza na karatasi wakati mahali hawana. Gari lenye SORN lazima liwe kwenye ardhi ya mtu: uani, ndani ya banda, kwenye uwanja wa mbele wa nyumba, shambani. Kando ya barabara haikubaliki, wala juu ya ile kingo ya nyasi kati ya barabara na nyumba. Ungetamka SORN na gari liko mtaani, ungekuwa umesema uongo kwa maandishi. Wanaokaa maghorofani nao waangalie: uwanja wa kupaki wa jengo unaweza kuwa ardhi binafsi kabisa, lakini mikataba mingi ya upangaji inakataza gari lisilo na kodi kukaa pale, na brekidauni wa mwenye jengo hakawii.

Kwa hiyo aliye na dawa yako ni shemeji. Ana uani. Ila ushauri wake wa usiku mwambie akae nao.

Tuihesabu hiyo safari ya dakika kumi. Gari halina kodi, halina MOT, halina bima. Kamera za kusoma namba hazilali usiku, na magari mengi ya polisi nayo yanazo. Shemeji anategemea bima yake kubwa. Kipengele hicho kweli kipo kwenye baadhi ya bima, na zamani kilikuwa cha kawaida zaidi. Lakini kwanza kinalipa madhara ya watu wengine tu, Yaris yenyewe haimo. Pili, mara nyingi kimeandikwa kwamba hilo gari la pili lazima liwe na bima yake lenyewe. Lako halina. Akisimamishwa, kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi sita kwenye leseni yake, na ikifika mahakamani faini haina kikomo. Wewe uliyempa ufunguo ukijua kwamba bima hakuna, nawe unaweza kushtakiwa kwa kuruhusu. Pointi sita hizo kwako ni kaburi la leseni: aliyepata leseni yake ya kwanza chini ya miaka miwili akifikisha pointi sita, inafutwa, na anaanza upya, kuanzia leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia na wa barabarani. Wewe una mwaka na nusu. Kwa kazi yako ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, hiyo ni ajira imekwenda.

Faini mbili ulizonazo, kwa bahati, hazina pointi. Zinamfuata mwenye gari aliye kwenye orodha, hazimfuati dereva. Mumeo anataka upinge. Unaweza kuandika na kuambatisha tiketi yako ya ndege na barua ya hospitali, hakuna anayekukataza, lakini sikupi matumaini. Utetezi unaosikilizwa ni wa aina nyingine: kwamba gari lilikuwa na bima na orodha ilikosea, kwamba ulikuwa umeshaliuza na una ushahidi, kwamba liliibwa na uliripoti. Kuwa Tanga na mgonjwa ni sababu ya mtu kukuhurumia, ila haibadilishi kilichoandikwa kwenye orodha. Ningekuwa wewe ningelipa. Faini hizi hupunguzwa nusu ukiwahi. Angalia tarehe iliyochapwa kwenye kila barua, huenda moja bado haijapita. Ukiziacha, zote mbili zinaweza kufika mahakamani, na huko kila moja inaweza kupanda hadi pauni 1,000, au ile ya kodi mara tano ya kodi yenyewe ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi. Na barua zijazo mumeo azifungue. Kuheshimu bahasha kumewatia hasara mwaka huu.

Jambo moja watu wanalikosa: kulipa faini hakulipi kodi wala hakukati bima. Ukimaliza kulipa leo, kesho gari bado liko mtaani bila kodi, bila bima, na linaweza kufungwa mnyororo tairi. Kufunguliwa ni pauni 100, na kama huwezi kuonyesha kwamba limelipiwa kodi unaweka dhamana ya pauni 160 juu yake. Likikaa linavutwa, na huko yadi kila siku ina ada yake. Wapo waliopoteza gari zima hivyo, likapondwa. Umekuta Yaris ipo na matairi yako huru. Shukuru, halafu fanya haraka.

Haraka yenyewe iende kwa mpango, kwa kuwa gari limefungwa kwa vifungo vitatu na kimoja kinashika kingine. Bila MOT huwezi kulipa kodi. Bila kodi huwezi kuendesha. Sasa MOT utaipataje na gari liko kwako? Hapo sheria imeacha tundu dogo: unaruhusiwa kuendesha gari lisilo na kodi wala MOT kwenda kwenye kipimo cha MOT ulichokwisha kupanga miadi yake. Miadi iwepo kabla hujawasha injini, kwa jina la gereji na saa yake, na uende moja kwa moja, bila kupitia dukani wala kumshusha mtoto shule. Tundu hilo halihusu bima. Bima lazima iwe hai kabla gurudumu halijazunguka.

Basi kesho mlete fundi pale pale mtaani. Abadilishe betri, ajaze tairi upepo na kuangalia kama limekatika pembeni, akanyage breki mara kadhaa. Gari lililokaa msimu mzima wa mvua za hapa, breki zinashika kutu na kung'ang'ania. Bima ikishakuwa hai, ukilisogeza mara ya kwanza utasikia mlio kama mlango wa chuma unaobanduliwa, kisha linaachia. Hilo la kawaida. Kama haliachii, fundi asilazimishe. Likishapona, panga miadi ya MOT kwenye gereji ya karibu. Bei haizidi pauni 54.85 kwa gari kama lako. Kisha nunua bima ianze asubuhi ya miadi. Watakuuliza kama kuna kampuni iliyowahi kukufutia bima. Wewe ulifuta mwenyewe, hukufutiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwao, kwa hiyo jibu kweli na usijitie doa bure. Nenda kwenye kipimo. Likipita, usiondoke. Keti pale kwenye viti vyao vya plastiki, subiri matokeo yaingie kwenye mfumo, ulipe kodi kwa simu yako ukitumia namba ya tarakimu 11 iliyo kwenye kadi ya gari. Ndipo urudi nyumbani. Likifeli, litengenezwe hapo hapo kama inawezekana, maana kulitoa ni kuanza tena maswali.

Kuna ujanja mdogo wa tarehe. Kodi inahesabiwa kwa mwezi mzima. Ukilipa tarehe 28 umelipia tangu tarehe 1. Lakini kwako sasa usisubiri mwezi mpya ili kuokoa, kwa sababu kila siku gari liko mtaani ni siku ya hatari, na kodi ya mwezi mmoja ya Yaris ni ndogo kuliko ada ya kufunguliwa mnyororo.

Ujanja huo utautumia Julai. Unasafiri tarehe 3. Ukitamka SORN, DVLA wanakurudishia kodi ya miezi mizima iliyobaki kuanzia pale walipopata taarifa. Ukitamka tarehe 30 Juni, Julai yote ni yako. Ukitamka tarehe 1 Julai, Julai imekwenda, kwa kuchelewa usiku mmoja. Kwa hiyo gari lifike kwa shemeji tarehe 30 Juni, likiwa na kodi na bima zake, mchana, wewe mwenyewe kwenye usukani. Likishaingia uani na geti limefungwa, toa simu utamke. Namba zinawachanganya watu. Ile ya tarakimu 11 kwenye kadi ya gari inaanza kazi papo hapo. Ile ya tarakimu 16, inayokuja kwenye barua ya kukumbushia kodi, inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Wewe tumia ya 11. Makato ya benki yatasimama yenyewe, usiyaguse safari hii! Kama kuna pesa ya kurudishwa, itatumwa kwa jina na anwani iliyo kwenye kadi, kwa hiyo kama mlihama na hamkubadilisha anwani, badilisheni kwanza. Kutobadilisha nako kuna faini.

Utapanda basi siku tatu. Vumilia.

Tangu saa hiyo gari halitoki getini. Shemeji asilitumie kwenda kununua maziwa. Faini ya kuliendesha gari lenye SORN barabarani inafika pauni 2,500, na ruhusa pekee ni ile ile ya miadi ya MOT, tena kwa bima. Hata kulivuta kwa kamba, magurudumu yanagusa barabara, kwa hiyo linahesabika liko barabarani. Wasomaji wengine wenye gari bovu lisiloweza kwenda kwenye kipimo, nyie kodisheni lori la kulibeba zima zima.

Bima sasa. Ukishatamka SORN, sheria haikulazimishi kuwa nayo. Kwa miaka kadhaa jambo hili lilizua mzozo mkubwa Ulaya. Kulikuwa na mama mmoja Ureno aliyeacha kuendesha, akaliegesha gari lake uani, akaacha na bima. Mwaka 2006 mwanawe akalichukua bila ruhusa, akapata ajali, wakafa watu watatu, yeye mwenyewe akiwa mmojawapo. Mfuko wa dhamana uliolipa wahanga ukamdai mama. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2018 ikaamuliwa kwamba gari lililosajiliwa na linaloweza kutembea linatakiwa kuwa na bima hata kama mwenyewe ameliegesha nyumbani na hana nia ya kuliendesha. Uingereza ilikuwa inatoka kwenye Umoja wa Ulaya wakati huo, na mwaka 2022 Bunge lake likapitisha sheria ya kuachana na mkondo huo wa maamuzi kuhusu bima kwenye ardhi binafsi. Kwa hiyo hapa SORN bado inatosha.

Inatosha kwa sheria. Mimi nisingefuta bima yote. Gari likiibwa uani au likiungua, SORN haikulipi kitu. Uliza kampuni yako kama wana bima ya gari lililolazwa, inayoshika moto na wizi tu. Bei yake kwa kawaida ni ndogo. Piga pia hesabu ya kufuta: kama unalipa kwa mwezi, ule ni mkopo, na kuna ada ya kuukatisha. Pengine kuiacha iendelee miezi mitano ni nafuu kuliko kufuta na kuanza upya Novemba. Ukiamua kuiacha, waambie gari linalala wapi sasa. Anwani ya maegesho ni sehemu ya mkataba, na gari likiibwa kwa shemeji wakati karatasi zinasema liko mtaani kwenu, watapata sababu ya kukuzungusha. Ile miaka yako ya kutodai chochote, kampuni nyingi huitambua hadi miaka miwili baada ya bima kusimama, basi miezi mitano haikuharibii.

Huyo mwenzako kazini anayetaka karatasi zifanywe baadaye, mkatalie kwa upole. Mimi niliwahi kumwachia rafiki gari kwa neno la mdomo, tukipeana mikono msikitini, na barua za faini zikanijia mimi karibu mwaka mzima hadi nikamtafuta na kadi mkononi. Bado tunasalimiana, ila si kama zamani. Siku ukiuza, unawaarifu DVLA siku hiyo hiyo. Kodi haiendi na gari tangu Oktoba 2014, na SORN nayo ni ya mtu, haihamii kwa mnunuzi. Atatamka ya kwake au atalipa.

Ukirudi Novemba huna haja ya kuifuta SORN. Nunua bima, lipa kodi kwa ile namba 11, nayo inakufa yenyewe. Ila kama ndege inatua tarehe 28, liache Yaris lilale siku tatu zaidi hadi tarehe 1 Desemba, nawe usingizi wa safari utakuwa bado haujakutoka. Piga picha ya kadi ya gari kabla ya kuondoka, uwe nayo kwenye simu. Na tarehe ya MOT sasa itakuwa ya mwaka mzima kuanzia kipimo hiki kipya, kwa hiyo utaikuta hai.

Kuhusu gari lenyewe kukaa, mafundi wana maneno mengi, mimi nina machache. Ng'oa waya mmoja wa betri, ule wa hasi. Jaza tairi upepo kidogo zaidi ya kawaida. Usivute breki ya mkono. Weka gia, weka na kipande cha ubao chini ya gurudumu, breki zisigande kama zilivyoganda mwaka huu. Ufunguo mmoja abaki nao mumeo, asiyeendesha. Shemeji mpe shukrani na mpunga wa Tanga, ufunguo usimpe.

Na mwambie wiki moja kabla ya tarehe 30 aende akapime lango la uani wake kwa futi, aliangalie na Yaris lilivyo na vioo vyake vya pembeni. Watu wengi wenye uani mkubwa wana geti la kupitisha baiskeli.